Gramu Sita Zinazoamua Tani Tano

Kituo cha kwanza duniani cha kupima ubora wa mbegu kilianzishwa mwaka 1869 huko Tharandt, Saxony, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Mwanzilishi wake, Profesa Friedrich Nobbe, alikuwa amepima sampuli ya mbegu za nyasi zilizouzwa kwa jina la Festuca elatior, akakuta kwamba takribani asilimia 30 tu ndizo zilizokuwa za nyasi hiyo. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwabana wafanyabiashara waliokuwa wakiua mbegu za bei rahisi au kuzitia rangi ili wazichanganye na zile za bei ghali.

Kwa hiyo ukaguzi wa mbegu ulizaliwa kwa sababu ya nyasi, na sababu yake inaeleweka. Punje ya hindi mkulima huishika, akaigeuza na kuona imetobolewa au imeoza. Mbegu ya nyasi ni ndogo mno, na ndugu zake wa porini hufanana nayo kiasi kwamba macho ya mnunuzi hayawezi kuamua. Ni lazima mtu mwingine aamue kwa niaba yake, naye ni mkaguzi wa serikali. Uchambuzi huu unafuata kazi ya mkaguzi huyo hatua kwa hatua. Hoja yangu ni kwamba hatua inayodharauliwa kuliko zote, yaani kuchukua sampuli ghalani, ndiyo inayobeba zote zinazofuata.

Tuchukue mfano wa mifuko 200 ya kilo 25, jumla tani 5, ya mbegu za Lolium perenne, nyasi inayotumika sana katika viwanja vya mpira vya Ulaya. Kwa kanuni za ISTA, chama cha kimataifa cha upimaji wa mbegu kilichoundwa mwaka 1924, fungu moja la mbegu hizi halipaswi kuzidi tani 10, na mifuko inapofika 60 au zaidi, mkaguzi huchota mara zisizopungua 30. Hachoti kwenye mifuko iliyo karibu na mlango peke yake. Huteua mifuko kutoka kila upande wa rundo, kisha huchomeka bomba lenye ncha kali na matundu ubavuni ili lipate mbegu za juu, za kati na za chini ya mfuko.

Bomba hilo lina sababu ya kuwapo. Mifuko inapotikiswa safarini, mbegu nzito hushuka na makapi mepesi hubaki juu. Anayefungua mfuko na kuchota kiganja cha juu hupima safari ya lori, hapimi mbegu. Kila kinachochotwa humwagwa kwenye sinia na kulinganishwa na vingine. Kama mfuko mmoja unaonekana tofauti na mwenzake, fungu hilo halistahili cheti kimoja, na kazi husimama hapo.

Michoto 30 ikifanana, huchanganywa na kupunguzwa kwa kifaa cha kugawia hadi zibaki gramu 60 au zaidi za kupelekwa maabara zikiwa zimefungwa kwa lakiri. Huko hugawanywa tena, na kipimo cha usafi hufanywa kwa gramu 6 tu. Hesabu yake inatisha: kila gramu iliyo mezani inasema kwa niaba ya zaidi ya kilo 830 zilizobaki ghalani. Hadubini iwe bora namna gani, haiwezi kurekebisha kosa la aliyechota vibaya.

Mezani, mchambuzi hutenga mbegu safi, mbegu za aina nyingine, na takataka kama makapi, mchanga na vipande vya mabua. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1939 inataka lebo itaje pia mbegu za magugu kwa asilimia yake. Hapa ndipo mnunuzi asiyejua huponzwa na tarakimu ndogo. Tuseme lebo inaonyesha magugu asilimia 0.02, na tuseme gugu lenyewe ni Poa annua, adui mkubwa wa viwanja, ambalo mbegu yake moja ina uzito wa karibu robo ya miligramu. Asilimia 0.02 ya kilo moja ni gramu 0.2, sawa na mbegu 800 hivi. Uwanja wa mita 105 kwa 68, ukipandwa kwa gramu 35 kila mita ya mraba, utahitaji karibu kilo 250. Hizo zitaingiza mbegu 200,000 za gugu, wastani wa 28 katika kila mita ya mraba.

Ndiyo maana mchambuzi makini hatosheki na asilimia. Hupekua gramu zote 60 akihesabu mbegu za magugu moja moja. Katika mfano wetu, gramu 6 zingeonyesha mbegu 5 tu, idadi ambayo bahati inaweza kuipandisha au kuishusha kirahisi. Gramu 60 zingeonyesha karibu 50, na hapo ushahidi unasimama.

Kinachofuata ni kipimo cha uotaji. Mbegu 400 kutoka kwenye zile safi huoteshwa katika makundi manne ya 100. Lolium perenne huhesabiwa siku ya 5 na ya 14. Poa pratensis, nyasi nyingine ya bustani, husubiriwa hadi siku ya 28. Mbegu ambazo bado zimelala huamshwa kwa baridi au kwa maji yenye nitrati ya potasiamu kidogo, maana mbegu iliyolala si mbegu mfu.

Makundi manne yanafanya kazi ya ulinzi. Tuseme yametoa 96, 92, 89 na 83. Wastani ni 90, tarakimu ya kumfurahisha muuzaji yeyote. Lakini kwa wastani huo kanuni inaruhusu tofauti isiyozidi 12 kati ya kundi la juu na la chini, na hapa tofauti ni 13. Kipimo hurudiwa. Pengine karatasi moja ilikosa maji, pengine ukungu uliingia, pengine aliyehesabu alichoka. Maabara inayokubali kujitilia shaka namna hii ndiyo inayostahili kuaminiwa.

Linabaki swali gumu zaidi: je, hii ni Lolium perenne kweli, au imechanganywa na Lolium multiflorum, ndugu yake wa muda mfupi mwenye majani mapana na rangi iliyofifia? Mbegu zao hazitofautishiki kwa urahisi. Mwaka 1929 mtafiti Gentner aligundua kwamba mizizi ya miche ya Lolium multiflorum, ikioteshwa juu ya karatasi nyeupe ya kuchujia, huacha alama inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Mizizi ya Lolium perenne kwa kawaida haiachi alama hiyo. Tangu hapo maabara huhesabu miche inayong'aa. Hata hivyo zipo aina za Lolium perenne zilizozalishwa ambazo sehemu ya miche yake hung'aa kiasili, kwa hiyo matokeo hulinganishwa na kiwango kilichosajiliwa cha aina husika kabla ya hukumu kutolewa.

Ziko nyasi ambazo hazina mbegu kabisa. Tifway, iliyotolewa mwaka 1960 na Glenn Burton huko Tifton, Georgia, ni chotara wa ukoka wa kawaida, Cynodon dactylon, na Cynodon transvaalensis wa Afrika Kusini. Ina kromosomu 27, seti tatu, hivyo ni tasa. Huenezwa kwa vipande vya mashina au kwa mikeka ya nyasi iliyokatwa pamoja na udongo wake. Hapo hakuna gramu 6 za kupima. Mkaguzi hulitembelea shamba lenyewe akitafuta mabaka yenye rangi, upana wa jani au kimo tofauti, na hukagua kumbukumbu zinazoonyesha miche ya kwanza ilitoka wapi. Ukoka wa kawaida ukishaingia ndani ya Tifway, ni vigumu mno kuutoa, na kila mkeka unaouzwa huusafirisha kwenda uwanja mwingine.

Mambo haya yanatuhusu sana. Maabara za TOSCI, taasisi ya Tanzania ya kuthibitisha ubora wa mbegu, mjini Morogoro, na za KEPHIS, taasisi ya Kenya ya ukaguzi wa afya ya mimea, huko Nakuru, hutumia kanuni hizihizi za ISTA kupima mahindi, maharage na mboga tunazopanda. Na Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa kuandaa Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, jambo linalomaanisha nyasi nyingi zitanunuliwa, iwe kwa mbegu au kwa mikeka.

Kwa hiyo nawaomba wanaosaini mikataba ya viwanja waandike humo jina la aina ya nyasi, cheti cha asili yake, na haki ya mkaguzi kulitembelea shamba kabla nyasi haijakatwa. Serikali nazo zisiishie kununua mashine za maabara, bali ziwafundishe na kuwalipa vizuri wanaochukua sampuli maghalani, kwa sababu hakuna mashine inayosahihisha sampuli mbovu. Nawe msomaji, uwe unanunua mbegu ya nyasi au ya mahindi, soma lebo kabla ya bei: tazama namba ya fungu, asilimia ya usafi, asilimia ya uotaji na tarehe ya kupimwa. Mfuko usio na taarifa hizo uache dukani.