Maiti Madison, Jalada Nairobi: Ufundi wa Mukoma wa Ngugi katika Nairobi Heat

Mauaji yakimgusa mhamiaji, mwandishi wa riwaya ya upelelezi huangukia tatizo ambalo Agatha Christie hakulijua vijijini kwake Uingereza. Kijijini kila mtu anajua nani ni mtoto wa nani, nani aligombania shamba gani, na posa ya nani ilikataliwa. Mhamiaji hushuka kwenye ndege na jina, vyeti na masimulizi yake mwenyewe, na jirani yake mpya hana wa kumuuliza kama masimulizi hayo ni ya kweli. Polisi wakifika, wanakuta nusu ya jalada tu. Nusu ya pili imebaki alikotoka. Mwandishi atamvusha vipi msomaji kutoka nusu moja hadi nyingine bila kamba ya kisa kukatika? Nairobi Heat ya Mukoma wa Ngugi, iliyotoka mara ya kwanza Afrika Kusini mwaka 2009, inalijibu swali hilo kwa namna inayofaa kufunguliwa kiungo kwa kiungo.

Kisa kwa ufupi. Mwanamke kijana Mzungu anakutwa amekufa mlangoni pa nyumba ya Joshua Hakizimana, profesa Mnyarwanda anayeishi Madison, mji mkuu wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani. Joshua si mtu wa hivi hivi. Anasifiwa dunia nzima kwa kuwaokoa watu waliokimbilia shule yake wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Anayepewa kesi ni Ishmael, mpelelezi Mmarekani Mweusi. Sauti asiyoifahamu inampigia simu na kumwambia ukweli autafute Nairobi. Ishmael anapanda ndege.

Tazama kwanza mpangilio wa matukio. Mukoma hatupeleki kwanza penye maiti. Anaanza na safari: tunapomkuta Ishmael, tayari yuko njiani kuja Afrika, na habari za Madison tunazipata kwa kumbukumbu zake. Uamuzi huu unaonekana mdogo, lakini ndio unaobeba riwaya nzima. Riwaya ikianza na maiti, msomaji huuliza nani ameua. Hii inapoanza na safari, msomaji anauliza mshukiwa huyu ni nani hasa, na alifanya nini kabla hajawa jirani wa watu wa Wisconsin. Swali la pili linalimeza la kwanza, na mwandishi anapata ruhusa ya kuiacha maiti ya Marekani kwa sura nyingi bila msomaji kulalamika.

Kiungo cha pili ni sifa ya Joshua. Kwa kawaida mshukiwa hujikinga kwa kuonyesha kwamba wakati wa mauaji alikuwa kwingine. Joshua analindwa na wasifu wake. Nani atamshuku mtu aliyeokoa roho za watu pale ambapo takriban watu 800,000 waliuawa kwa siku zipatazo 100? Mwandishi anaiongezea sifa hiyo uzito kwa kuweka pembeni yake taasisi ya hisani inayochangisha fedha kwa jina la manusura, kiasi kwamba kuanguka kwa jina la Joshua ni hasara kwa wengi. Hapo sifa inageuka kuwa mali yenye walinzi, na kila anayeigusa anahatarisha maisha yake. Taharuki ya riwaya inatoka humo. Risasi zinakuja baadaye.

Tena Mukoma hakubuni hali hii hewani. Félicien Kabuga, aliyeshtakiwa kwa kugharimia mauaji hayo ya 1994, aliwahi kujificha Kenya, na mwezi Mei 2020 alikamatwa karibu na Paris, alikokuwa akiishi kwa jina lisilo lake. Majirani waliokaa naye jengo moja hawakuwa na njia ya kumjua. Riwaya ilitangulia kukamatwa huko kwa zaidi ya miaka 10, nayo ilikwisha kuona kwamba ughaibuni humficha mwenye hatia na kumhifadhi aliyenusurika, wakati mwingine katika mtaa uleule.

Kiungo cha tatu ni msimulizi. Ishmael anasimulia kwa nafsi ya kwanza, na Mukoma amemchagua kwa hesabu. Kwao Madison, yeye ni Mweusi miongoni mwa Wazungu anayetakiwa kumtia pingu Mweusi mwenzake kwa kifo cha mwanamke wa Kizungu. Nairobi, watu wanaofanana naye kwa rangi wanamwona mgeni kama mtalii yeyote. Kwa hiyo hana mahali anapojua mambo yote, na msomaji hujifunza kwa mwendo wake. Mlinganishe na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, tuliyekutana naye katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Bwana Msa ni mwenyeji wa Unguja kwa ndani na nje. Mara nyingi fumbo lake limefungwa katika nasaba, mirathi na siri za nyumba, naye hulifungua kwa sababu anazifahamu desturi za watu anaowapeleleza. Kumpeleka Bwana Msa Madison kungemwondolea silaha yake. Mukoma ameelewa kwamba riwaya ya uhamiaji inahitaji mpelelezi mwenye upungufu, ili upungufu huo uwe njia ya msomaji kuingilia.

Lakini mgeni peke yake angepotea Nairobi kwa siku moja. Ndiyo maana anapewa mpelelezi mwenzake, mwenyeji, David Odhiambo, anayeitwa O. Wapelelezi wawili ni desturi ya zamani: mmoja mwenye akili, mwingine wa kumshangaa. Mukoma anaigawa kazi kwa namna nyingine. Ishmael ana sheria, O ana mji. Kila mmoja anashikilia nusu ya jalada nililolitaja mwanzo, na mazungumzo yao ndiyo yanayoziunganisha. Habari za mitaa, za wakimbizi na za nani anaogopwa na nani hazimwagwi kama hotuba. Zinatoka kwa O pale tu Ishmael anapozihitaji ili achukue hatua inayofuata. Anayejifunza kuandika apapitie tena hapo polepole.

Kiungo cha nne ni ushahidi wenyewe. Hakuna alama ya kidole inayoweza kueleza yaliyotendeka shuleni mwaka 1994. Lililobaki ni watu, na mzito kati yao ni Muddy, mwanamke Mnyarwanda aliyenusurika, mshairi wa jukwaani jijini Nairobi. Mwandishi dhaifu angemfanya mtoa siri: aje, aseme, aondoke. Mukoma anampa sanaa, hasira na mapenzi, na anamwacha aamue mwenyewe lini aseme na kiasi gani. Kwa hiyo kila neno lake lina gharama. Manusura ana haki ya kunyamaza, na riwaya inayoiheshimu haki hiyo hupata ushahidi mzito zaidi kuliko inayomkamua.

Sasa kasoro, maana zipo. Simu ile ya kumwita Ishmael Nairobi ni rahisi mno. Safari nzima inaning'inia kwenye sauti iliyojileta yenyewe, wakati mpelelezi angeweza kuipata njia kwa kuchimba nyaraka za mshukiwa au kuwahoji Wanyarwanda wenzake walioko Marekani. Hapo riwaya inajinyima kitu kikubwa: jamii ya wahamiaji yenyewe. Tunamwona mhamiaji mashuhuri, lakini hatukai vya kutosha na wale wanaosali naye, wanaomkopesha, wanaomkwepa kwenye harusi. Achille Ngoye, Mkongo aliyekuwa mwandishi wa kwanza wa Kiafrika kuchapishwa katika Série noire, mkusanyo wa riwaya za jinai wa mchapishaji Gallimard, kwa riwaya yake ya 1996, Agence Black Bafoussa, aliipeleka riwaya ya jinai ndani ya maisha ya Waafrika wa Paris, na hilo Mukoma hakulifanya kwa Madison.

Kasoro ya pili ni wingi wa vifo vya Nairobi. Ishmael na O wanafyatua risasi, watu wanaanguka, na hakuna jalada linalofunguliwa kwa ajili yao. Mwanamke mmoja wa Madison amestahili tiketi ya ndege. Naamini Mukoma anaijua tofauti hiyo na anataka ituume, lakini kasi ya matukio haimpi msomaji nafasi ya kuumwa.

Mukoma, mwana wa Ngugi wa Thiong'o, ni mmoja wa waanzilishi wa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell iliyoanza 2014, kwa hiyo si vibaya kuichukua kazi yake kama changamoto kwa waandishi wa Kiswahili. Tunao Wazanzibari waliohamia Muscat na London baada ya Mapinduzi ya 1964. Tunao Wakongo wa mashariki waliopelekwa miji ya Marekani kama wakimbizi, wakabeba Kiswahili chao na kumbukumbu za vita. Humo mna riwaya za upelelezi ambazo hakuna mgeni atakayetuandikia. Anayetaka kuijaribu moja aanze kwa kuuliza: hapa ugenini, nani anaweza kuapa kwamba alimjua mtu huyu kabla hajavuka mpaka? Amtafute shahidi huyo, ampe sababu nzito ya kunyamaza, kisha ampe nyingine nzito zaidi ya kusema. Mhamiaji wa riwaya atakuwa mtu kamili siku atakapohukumiwa au kuachiwa kwa yale aliyoyatenda, pasipo kuhurumiwa kwa sababu ni mkimbizi wala kushukiwa kwa sababu ni mgeni.