Mwalimu Anapopanga Nomino za Kiingereza

Katika darasa la sita la shule moja ya msingi mjini Tanga, mwalimu wa Kiingereza haanzi somo la nomino kwa kuandika fasili ubaoni. Huanza kwa kupanga vitu mezani: vikombe, kopo la sukari, shada la funguo, karatasi tupu na gazeti. Kisha humkabidhi mwanafunzi chaki, na kila kitu kikaandikwa jina lake la Kiingereza. Mwalimu husimama pembeni, akiacha ubao ujae.

Zamu ya kwanza ni ya herufi. Chini ya orodha huongeza "river" na "Pangani", akawaachia wanafunzi waone wenyewe kwamba moja limeanza kwa herufi ndogo na la pili kwa herufi kubwa. Mto wowote ni "river", nomino ya kawaida. Pangani ni mmoja tu, nomino ya pekee. Halafu huandika "Pangani River", nayo "river" ikapanda kuwa kubwa, kwa kuwa sasa imeingia katika jina la mto wenyewe. Haelezi mpaka mwanafunzi mmoja aulize sababu.

Zamu ya pili ndiyo ndefu, nayo ina majaribio matatu. Je, neno linakubali "a" au "an" mbele yake? Linakubali "s" mwishoni? Linaulizwa kwa "how many" au "how much"? Kila neno hupitishwa hapo bila haraka, kama mtu achambuaye mchele kwenye ungo. "Cup" linapita yote. "Sugar" linakataa "a", linakataa "s", linataka "how much". Likija "furniture", darasa linagawanyika. Kiti kinahesabika, meza inahesabika, iweje samani zisihesabike? Mwalimu hasemi nani amepatia. Huwarudisha kwenye majaribio: "chair" linapita, "furniture" linakwama. Hapo darasa huona kwamba neno halipangwi kwa maana yake peke yake. Hupangwa kwa mwenendo wake ndani ya sentensi.

Kwa nomino za jamii huinua shada la funguo: "a bunch of keys". Huchomoa ufunguo mmoja, akauliza nini kimebaki. Bado ni "bunch". Ukiongezwa mwingine, ni lile lile. Kinachoongezeka ni "keys". Ili "bunch" liwe "bunches" lazima lipatikane shada la pili.

Nomino dhahania hazina cha kuwekwa mezani, kwa hiyo mwalimu huzijenga kwa chaki. "Kind" huzaa "kindness". "Happy" huzaa "happiness", na "y" ikageuka "i". "Child" huzaa "childhood". Sehemu iliyoongezwa huiandika kwa chaki ya rangi, ili jicho lione mshono.

Mwisho huja "paper". Akiinua karatasi tupu, ni "some paper", haihesabiki. Akiinua gazeti, ni "a paper", linahesabika. Neno ni lile lile, aina ni mbili. Mwalimu angeanza na hili, majaribio yangeonekana hayana msingi. Kwa kuwa limekuja baada ya mengine yote, wanafunzi huyatumia tena, nayo yanajibu: matumizi ndiyo yanayoamua.

Ustadi huu unaendelea kwenye madaftari. Mwanafunzi aliyeandika "an advice" hakatiwi kosa kwa kalamu nyekundu. Mwalimu hupiga mstari chini ya "an" na kuandika pembeni namba 1, yaani jaribio la kwanza, kisha humrudishia daftari. Mtoto hurudia jaribio, akafuta, akaandika "a piece of advice". Kusahihisha hivi kunachukua muda mrefu, maana kila daftari hupita mkononi mwa mwalimu mara mbili. Naye hukubali gharama hiyo, kwa sababu jibu lililotafutwa na mtoto mwenyewe halihitaji kufundishwa upya muhula unaofuata.