Riwaya ya Mfungwa Asiye na Hatia: Ipimwe Vipi?

Mtu wa Kishushe, huku Taita, hafundishwi kwamba jiwe la chuma halijulikani kwa mng'ao. Ukilinyanyua, mkono wenyewe unakuambia. Riwaya ya kihistoria inayomfuata mwandishi akifukua kesi ya mtu aliyefungwa bure ipimwe vivyo hivyo. Usihesabu machozi. Pima ushahidi.

Chukua Arthur & George ya Julian Barnes, ya mwaka 2005. Arthur ni Conan Doyle, muumba wa Sherlock Holmes. George ni George Edalji, wakili ambaye baba yake alitoka Bombay, aliyehukumiwa mwaka 1903 kifungo cha miaka 7 kwa kosa la kumkatakata farasi usiku. Conan Doyle, daktari aliyesomea macho, alimkuta hotelini akisoma gazeti: amelisogeza karibu kabisa na uso, tena kwa upande. Mtu wa macho hayo atavukaje mashamba na reli gizani? Hicho ndicho cha kutafuta kwanza: kitu kidogo kinachoibomoa kesi nzima, nawe umekiona kwa macho yako kabla ya kuelezwa. Fundi mbovu hukuletea hotuba ya kurasa tatu kuhusu haki.

Halafu mtazame shahidi wa uongo. Hapa ndipo wengi huanguka, na hapa historia yetu ina mali nyingi kuliko ya Waingereza. Katika kesi ya Kapenguria, shahidi Rawson Macharia alidai kwamba alimwona Jomo Kenyatta akilisha watu kiapo cha Mau Mau Machi 1950. Tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker akawapa Kenyatta na wenzake watano miaka 7 na kazi ngumu. Mwaka 1958 Macharia akaapa kwamba alisema uongo, na kwamba serikali ilimwahidi masomo Exeter na kazi akirudi. Akashtakiwa akafungwa, si kwa ule uongo wa kwanza, bali kwa kuukana! Mwandishi anayemfanya Macharia kuwa shetani mtupu ameitupa riwaya yake mwenyewe. Nataka nimwone akiisoma ile ahadi, nami nijiulize ningeikataa.

Mwisho nao usipakwe sukari. Edalji alisamehewa mwaka 1907 kwa kosa la farasi, lakini kamati iliyoichunguza kesi yake ikashikilia kwamba barua chafu zilizotumwa bila jina wakati ule ni zake, na fidia hakupata. Ukikuta riwaya ambamo serikali inalia na kuomba radhi, angalia tena jalada: huenda umeuziwa hadithi ya watoto.

Kwa msomaji wa Taita nina ombi. Mei 1940 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku Taita Hills Association, pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba, na viongozi wakawekwa kizuizini bila hata kuhukumiwa. Kesi isiyokuwa na hukumu ni ngumu zaidi kuandika, kwa sababu hakuna shahidi wa kumbana. Anayetaka kuijaribu aanzie kwa watoto na wajukuu wa wanachama, huku milimani, kisha ashuke Voi apande gari la Nairobi, aende Makavazi ya Kitaifa aombe majalada ya mwaka huo.