Fundi Msomaji

Kompyuta ya zamani haifiki kwa fundi ikiwa na ukoo wake wote. SPARCstation IPX, iliyoundwa na kampuni ya Sun Microsystems ya California mwaka 1991, mara nyingi hupatikana ikiwa peke yake: kisanduku kimoja, hakina kibodi, hakina skrini, hakina diski. Enzi zake ilikuwa mashine ya wahandisi na watafiti. Prosesa yake ya megahezi 40 na kumbukumbu isiyozidi megabaiti 64 ziliendesha mfumo wa Unix wakati kompyuta nyingi za mezani zilikuwa bado na kazi ndogo ndogo. Leo simu ya bei ya chini huiacha mbali, kwa hiyo anayeifufua hafuati kasi.

Ufundi huu nausifu kwa jambo moja. Unamfundisha mtu kwamba ukitaka kufanya kazi bila kifaa, sharti ukijue kuliko aliye nacho. Mwenye kibodi huibonyeza tu. Asiye nayo hulazimika kujua kibodi ile ilikuwa ikifanya nini.

Chukua skrini. Nyuma ya IPX kuna soketi ya 13W3, yenye njia tatu nene za picha na pini kumi nyembamba. Skrini iliyokusudiwa ilikuwa na tyubu nzito ya kioo, na skrini nyingi za leo huzikataa ishara za mashine hii. Asiyesoma ataanza kuhangaika na adapta. Aliyesoma mwongozo anajua kwamba mashine hii, isipoiona kibodi yake, huacha kuhangaika na skrini na kupeleka maneno yake yote kwenye mlango wa siriali, kwa mwendo wa biti 9600 kwa sekunde. Basi kebo ya bei nafuu na kompyuta mpakato yoyote vinatosha. Upungufu uliomtisha mwingine ndio uliomfungulia huyu njia.

Lakini kuna upungufu usioonekana kwa macho, nao ndio mgumu zaidi. Kwenye bodi kuna chipu iitwayo M48T02, ambayo ndani yake mmefukiwa betri na kufunikwa kwa gundi ngumu. Chipu hiyo hutunza saa, mipangilio na utambulisho wa mashine. Betri ikifa, kompyuta inawaka ikiwa imesahau jina lake: anwani yake ya mtandao inasomeka ff tupu, nayo inalalamika kwamba rekodi yake ya utambulisho ni batili. Fundi hukwangua gundi kwa tupa pembeni mwa chipu mpaka viungo vya betri vionekane, akaitenga betri iliyokufa, akalehemu kishikio cha betri bapa ya volti 3, ile inayouzwa kila duka la saa.

Hapo mkono umemaliza zamu yake, usomaji unarudi. Utambulisho ni baiti 16, na kila moja ina maana. Ya kwanza ni 01. Ya pili, 57, ndiyo inayosema mashine ni IPX. Kisha huja anwani ya mtandao, inayoanza na 08:00:20, alama ya Sun. Halafu tarehe na nambari ya mashine. Ya mwisho hukokotolewa kutokana na 15 zilizoitangulia, ili mashine ijue kwamba haikudanganywa. Fundi huziandika moja moja, na akikosea hesabu ya mwisho, zote zinakataliwa.

Anaziandikia wapi, kama hakuna diski wala mfumo? Hapa ndipo ninapowavulia kofia walioiunda mashine hii. Ndani ya chipu nyingine waliweka OpenBoot, programu iliyojengwa juu ya lugha ya Forth, na hawakuifunga. Kiashiria chake ni neno moja, ok. Ukiandika 3 4 + . inakujibu 7. Mashine isiyo na chochote bado inakokotoa, inakagua viungo vyake, na inapokea maagizo ya mtu yeyote aliyejifunza kuyatoa. Mwaka 1994 wazo hilo likawa kiwango cha wazi, IEEE 1275, watengenezaji wengine nao wakalifuata.

Baada ya hapo hata diski inaweza kusubiri. Agizo la boot net huifanya mashine itangaze anwani yake mtandaoni na kuuliza: mimi ni nani? Kompyuta nyingine, iliyoandaliwa na fundi, huijibu, mathalani, 192.168.1.20. IPX nayo huomba faili ambalo jina lake linaanza na nambari hiyo hiyo katika tarakimu za msingi wa 16: C0A80114. Asiyejua hilo atakesha akitazama mashine inayoomba faili isilolipata. Anayejua hulibadilisha faili jina, na NetBSD, mfumo endeshi ambao bado unazitunza kompyuta za ukoo huu, huanza kupakiwa.

Sun yenyewe ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Hakuna dawati la huduma la kupigia simu. Kilichobaki ni karatasi: miongozo ya wahandisi wa kampuni, iliyoskaniwa na kuwekwa katika hifadhi kama Bitsavers, pamoja na maelezo ya watumiaji waliokwishapita njia hiyo. Mwandishi wa mwongozo hatajwi katika sifa za mashine yoyote, lakini bila yeye kisanduku hiki kingekuwa chuma chakavu, hata kama kila transista yake ni nzima.

Ndiyo maana fundi wa kweli hahesabu kazi imekwisha mashine inapowaka. Huandika: kebo ipi, pini ipi kwa pini ipi, baiti gani, faili jina gani. Atakayekuja baadaye atakuwa amekosa kifaa tofauti, na atahitaji kusoma.