Msiba wa Amina Darasani: Zaidi ya Vina na Mizani

Walimu wengi wa ushairi hulifundisha shairi la Shaaban Robert (1909–1962) la kumlilia mkewe, Amina. Wanafunzi huhesabu mizani, hutaja vina, kisha daftari hufungwa. Kwa maoni yetu, huko ni kwenda matangani na kurudi bila kutoa pole.

Tutazame ubeti wa kwanza tu. Mshairi hamsemi marehemu, anasema naye. Tena anachagua kitenzi chenye kiambishi -ji-, kana kwamba mkewe kajiondoa kwa hiari yake. Hapo pana lawama ndogo, ile ya kila mfiwa: mbona umeniacha? Papo hapo anakiri kuwa mkewe ametangulia. Anayetangulia ana wa kumfuata; kwa hiyo msemaji naye amejiweka njiani. Sarufi yenyewe inaomboleza.

Hapa Uganda wanafunzi wetu wanalijua jambo hili kwa lugha zao. Waganda hawasemi Kabaka amekufa. Husema moto umezimika. Vilevile wana okwabya olumbe, sherehe ya kuhitimisha msiba, ambapo mrithi husimikwa na ukoo ukaendelea na maisha. Shaaban Robert anakataa hitimisho la namna hiyo: mstari wa mwisho unadai kuwa fundo la mapenzi yao halina wa kulifungua. Dua ya kumtakia pepo inakubali kifo, kituo kinakikataa. Mvutano huo ndio uzito wa shairi.

Hata hivyo, ipo dosari. Tashibihi ya ua lililofumba baada ya kuchanua ni nzuri, lakini inamficha Amina: tunaliona ua, hatumwoni mtu. Tanzia nyingi za wanafunzi wetu nazo zimejaa maua, na marehemu hajulikani alikuwa nani.

Tunapendekeza kwamba kabla ya kuhesabu mizani, mwalimu aulize: kwenu mfiwa huambiwa nini, na neno gani halitamkwi mbele yake? Mwanafunzi anayeandika "mama yako amekufa" katika barua ya rambirambi hajakosea sarufi, ila amemwumiza mfiwa. Tusipomfundisha kusema "amefariki" na "poleni kwa msiba", tumempa alama za mtihani tukamnyima lugha. Na siku ya kuihitaji lugha hiyo haingoji mwisho wa muhula.