Kichwa cha Mbu

Mbu jike ana tezi mbili za mate, zimejificha kifuani karibu na shingo. Kila moja ina vidole vitatu, vyembamba kuliko uzi wa kutungia shanga. Vimelea vya malaria hungojea humo hadi mbu aume. Ronald Ross aliviona mwaka 1898 kule Calcutta, akitumia mbu wanaoambukiza ndege.

Mimi nilizifuata tezi hizo Rockville, Maryland, kwa treni ya Red Line kutoka Washington. Nilikuwa fildi, kama tusemavyo chuoni, na nilidhani Marekani kazi ya kuzitoa hufanywa na mashine. Nikakuta meza, hadubini, bakuli la barafu, na mama mmoja wa Kihabeshi ameshika sindano mbili.

Mbu hulazwa kwenye tone la maji ya chumvi juu ya kioo, amekwisha kuondolewa mabawa na miguu. Sindano ya kushoto inabana kifua. Ukizidisha, kifua kinapasuka na tezi zinapotea ndani ya uchafu. Ukilegeza, mbu mzima anateleza. Sindano ya kulia inatua shingoni. Hapo mama yule alifanya jambo lililonichukua wiki mbili kuligundua: alisita, pumzi moja tu. Kisha kichwa kikaja polepole, na nyuma yake zikafuata tezi, zinameremeta kama njia ya konokono juani. Mkato mmoja, kichwa kando, tezi zimebaki. Mbu mwingine.

Mimi nilikuwa nang'oa vichwa vitupu. Siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Hakunieleza kitu, aliweka mkono wake juu ya wangu, kama unavyomshika mtoto anayejifunza kuandika alifu, akavuta nami. Nikaona kwamba nilikuwa nikivuta kwa kifundo, naye alikuwa akivuta kwa ncha za vidole, tena kwa nguvu ndogo kiasi kwamba sikujua ni wakati gani alianza.

Rockville hiyohiyo iko kampuni ya Sanaria, iliyotengeneza chanjo ya vimelea hai vilivyodhoofishwa kwa mionzi, vikatolewa kwenye tezi za mbu, mbu mmoja mmoja, kwa mikono. Mwaka 2013 jarida la Science lilitoa matokeo ya jaribio la Bethesda: waliodungwa mara tano walikuwa sita, na wote sita walikingika. Baadaye Taasisi ya Afya Ifakara iliijaribu Bagamoyo, na huko kinga ikawa dhaifu zaidi. Wataalamu wana mengi ya kusema juu ya tofauti hiyo. Mimi macho yangu yaliishia kwenye neno moja. Katika ripoti za namna hii kazi yote ya sindano huandikwa bila mtenda: tezi "zilitolewa". Hiyo "zilitolewa" ndiyo iliyonila miezi miwili.

Jumapili nilimpigia bibi yangu Unguja. Yeye hushona kofia za viua, na macho yake bado yanaona tundu ambalo mimi silioni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Haya, wamekufunza nini huko?"

"Kuvuta kichwa cha mbu, bibi. Kwa sindano."

Akanyamaza kidogo.

"Sindano namba ngapi?"