Uso wa Chuma wa Mfalme Henry

Katika Makumbusho ya Silaha za Kifalme mjini Leeds, Uingereza, imehifadhiwa kofia ya chuma yenye pembe mbili za kondoo dume, miwani isiyo na vioo, pua iliyopinda yenye tone la kamasi, na kidevu kilichotiwa nakshi ya ndevu zilizokosa wembe siku mbili tatu. Aliyeifua ni Konrad Seusenhofer wa Innsbruck, baina ya mwaka 1511 na 1514. Kaizari Maximilian wa Kwanza ndiye aliyeiagiza iwe zawadi kwa Henry wa Nane, mshirika wake dhidi ya Ufaransa. Ilikuwa sehemu ya deraya kamili. Kiwiliwili, mikono na miguu vimepotea. Yaaminika viliuzwa kuwa chuma chakavu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17.

Mwepesi wa kuicheka na aitazame kwanza kazi ya nyundo. Pembe zimekunjwa kutokana na bati la chuma. Pembeni mwa macho imechorwa mikunjo ya ngozi, myembamba kama ya mtu aliyezoea kukodoa. Deraya nyingine huuficha uso wa mwanadamu. Hii yaufunika kwa uso mwingine, wa mzee asiyejifuta kamasi, na aliyepelekewa ni kijana wa miaka ishirini na ushei aliyesifiwa kwa uzuri wake. Ilifuliwa kwa ajili ya sherehe, si kwa vita, lakini mkono wa fundi haukulegea hata kidogo.

Walinzi wa Mnara wa London, katika karne hiyohiyo ya 17, waliwaonyesha wageni kofia hii kuwa ya Will Somers, mchekeshaji wa mfalme. Dai hilo halisimami: Somers aliingia katika utumishi wa Henry zaidi ya miaka kumi baada ya kofia kukamilika. Nadhani walishindwa kuamini kwamba sura mbaya kiasi kile ilikusudiwa kichwa chenye taji, wakamtafutia mtu wa chini wa kumvisha. Huo nao ni uhakiki, ijapokuwa ni uhakiki wa woga.

Kwangu mimi, uzito wa kazi hii umo katika pembe. Ulaya ya zama zile, kumwonyesha mwanamume ana pembe ni kusema kuwa mkewe anamhadaa. Kaizari aliweza kumfanyia mfalme mwenziwe mzaha huo, kwa kuwa wote wawili walikuwa watawala wenye taji. Raia angethubutu vipi? Na mzaha ule ulihitaji mfalme aliye kijana, anayejiamini. Aliyepewa pembe hizo ndiye aliyeridhia Anne Boleyn akatwe kichwa mwaka 1536, na Catherine Howard mwaka 1542, wote wawili wakiwa wake zake, wote wawili wakishtakiwa kumhadaa.